Ngoma ya Kecak kule Bali: ni mila ya Wabali au ni maonyesho ya watalii tu? Na itazamwe wapi?

Mratibu wa Safari (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, ninaomba msaada wa wale waliowahi kufika Bali au wanaozifahamu vyema sanaa za Indonesia. Ninaratibu safari ya kikundi kidogo cha walimu, wengi wao wakiwa wastaafu, na tunatarajia kuwa huko mwezi Machi. Katika ratiba tuliyoletewa na wakala, jioni moja imetengwa kwa ajili ya kutazama ngoma iitwayo Kecak (hutamkwa "kechak") kwenye hekalu la Uluwatu. Kipeperushi cha wakala kinaieleza kuwa ni ngoma ya maelfu ya miaka ambayo Wabali wamerithishana bila kubadilisha chochote. Mwenzetu mmoja, aliyefundisha historia hadi anastaafu, hakuridhika na maelezo hayo. Akaenda kusoma, akarudi na habari kwamba ngoma hiyo ilitungwa miaka ya 1930, tena kwa mkono wa Mjerumani. Sasa baadhi ya wenzetu wanasema hawaoni sababu ya kulipa fedha kutazama kitu kilichobuniwa kwa ajili ya wageni, na wanataka jioni hiyo tuitumie kwa jambo jingine.

Ninaomba kujua ukweli uko wapi. Aidha, nimeona watu wakibishana kama ni bora kuitazama Uluwatu au katika mji wa Ubud, na kwa kuwa miongoni mwetu wamo wenye magoti yasiyopenda ngazi, ningependa kusikia kutoka kwa waliofika. Wenzetu Waislamu nao wanauliza kama kuhudhuria ni kushiriki ibada ya Kihindu, maana onyesho linafanyika hekaluni.

Mpenzi wa Ngoma (Arusha)

Dada Mratibu, kipeperushi hicho kimetia chumvi, na mwalimu wenu wa historia yuko sahihi kuhusu miaka yenyewe. Hata hivyo, kusema kwamba Mjerumani ndiye aliyeitunga ni kuwapokonya Wabali kilicho chao.

Chimbuko la Kecak ni ibada iitwayo Sanghyang, ambayo sisi watu wa pwani na bara tungeielewa haraka kwa sababu ni ngoma ya kupunga. Maradhi yalipoingia kijijini, au mavuno yalipoharibika, wanakijiji waliwaandaa wasichana wawili ambao hawajavunja ungo, wakawafukizia ubani na kuwaimbia mpaka wakapandwa na roho za mbinguni, kisha wakacheza wakiwa wamefumba macho. Wanawake waliimba, na wanaume waliokaa kuwazunguka waliitikia kwa sauti za kukatakata: cak, cak, cak. Hapakuwa na tiketi, hapakuwa na hadithi ya kuigiza, na hakuna aliyejua ngoma itakwisha saa ngapi.

Miaka ya 1920 kampuni ya meli ya Kiholanzi, KPM, ilianza kupeleka wageni Bali kwa wingi kuliko awali, na mwaka 1928 ikafungua hoteli pale Denpasar. Walter Spies, mchoraji na mwanamuziki wa Kijerumani, alikuwa ameshahamia kisiwani tangu 1927 na kuishi Ubud. Katika kijiji cha Bedulu, wilaya ya Gianyar, alikuwako mcheza ngoma hodari aliyeitwa Wayan Limbak, bingwa wa ngoma ya kishujaa ya baris. Kati yao likazaliwa wazo la kuwatoa wale wanaume waitikiaji ndani ya ibada, kuwapa miondoko ya baris, na kuwasimulisha kisa cha Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi. Kijiji cha jirani cha Bona nacho kina dai lake katika habari hii, na watu wa vijiji hivyo viwili wana maelezo yao kuhusu nani alianza nini. Spies alifariki mwaka 1942, baada ya meli iliyokuwa ikiwasafirisha wafungwa wa Kijerumani, yeye akiwa miongoni mwao, kushambuliwa na Wajapani. Limbak aliishi hadi 2003. Kwa miongo yote hiyo walioifinyanga ngoma hii ni Wabali wenyewe, wakiongeza wachezaji wenye mavazi kamili katikati ya duara, wakirefusha kisa hapa na kukifupisha pale. Katika miaka ya 1970 Sardono W. Kusumo, mtunzi wa ngoma kutoka Java, alikwenda kufanya kazi na wanakijiji wa Teges wakaijaribu kwa sura mpya kabisa. Siku hizi Ubud kuna kikundi cha wanawake pekee, jambo ambalo zamani lisingefikirika. Na mwaka 2006 wanaume wapatao elfu tano walikusanyika wilayani Tabanan, karibu na hekalu la Tanah Lot, wakacheza kwa pamoja.

Naomba nimpe mwalimu wenu jambo moja zaidi la kutafakari. Mwaka 2015 UNESCO iliandikisha ngoma za Bali katika orodha ya turathi zisizoshikika, zikiwa zimepangwa kwa madaraja matatu: zile takatifu, zile za nusu ibada, na zile za burudani. Kwa jumla ni ngoma tisa, na Kecak haimo. Sanghyang Dedari, ile ibada niliyoieleza, imo, tena katika daraja la juu. Mpangilio huo haukutoka Paris, kwenye makao makuu ya UNESCO. Wabali waliujadili wenyewe katika semina iliyofanyika Denpasar mwaka 1971, walipoona watalii wanaongezeka na ipo haja ya kuamua nini kionyeshwe na nini kisionyeshwe. Kwa hiyo hakuna mtu wa Bali anayeficha kwamba Kecak ni burudani. Ni wauza safari tu wanaodhani kwamba wageni hawatakuja mpaka waambiwe kitu kina umri wa maelfu ya miaka.

Kwa maoni yangu, miaka tisini na ushee ya watu wa vijiji kukaa duarani, babu akimpisha baba na baba akimpisha mwana, inatosha kuitwa mila.

Niliyeishi Denpasar

Niliishi huko kwa masomo, kwa hiyo nitaacha historia na kueleza mtakachokiona na kukisikia, hasa kukisikia.

Kwenye Kecak hakuna ala hata moja, wala upatu wala zeze. Muziki wote unatoka katika vifua vya wanaume, ambao kwa kawaida huwa hamsini hadi mia moja au zaidi, vifua wazi, viunoni wamefunga nguo ya miraba myeusi na myeupe, wakiwa wamekaa kwa duara ndani ya duara, na katikati kuna taa ya mafuta yenye ndimi nyingi. Mmoja anashika mapigo kwa kutoa sauti ya "pung, pung" bila kuchoka, akifanya kazi ambayo kwenye gamelan, yaani bendi yao ya vyombo vya shaba, ingefanywa na upatu mdogo. Mwingine anaimba wimbo wenyewe. Waliobaki wamegawanywa makundi, na kila kundi lina mpangilio wake wa "cak" ambao peke yake unasikika umejaa mapengo. Lakini kundi la pili linaingia pale la kwanza liliponyamaza, la tatu linaziba pengo la la pili, na masikio yako yanapokea sauti moja inayokimbia kasi ambayo hakuna binadamu mmoja angeweza kuitoa. Ukikaa karibu, chagua mtu mmoja umtazame mdomo wake tu. Utashangaa jinsi anavyotamka mara chache, na jinsi tumbo lake linavyobana kabla ya kila tamko. Kisha mkuu wao anatoa ukelele mmoja, wote wanajilaza nyuma juu ya mapaja ya wenzao, mikono juu, vidole vikitetemeka, na kimya kinaingia ghafla kiasi kwamba utasikia taa ikiunguza mafuta.

Kisa kinachochezwa katikati ni cha mwanamfalme Rama, ambaye mkewe Sita anatekwa na jitu Rahwana kwa hila ya paa wa dhahabu, na tumbili mweupe Hanoman anatumwa kumtafuta. Wanaume wa duarani hubadilika kwa mujibu wa kisa: mara ni msitu, mara ni upepo, mara ni joka linalomfunga mtu, na mwishoni ni jeshi la tumbili. Wasomeeni wenzenu muhtasari wa kisa kabla ya kwenda, kwa sababu hakuna atakayewafafanulia wakati wa onyesho, na karatasi wanazogawa mlangoni hazisomeki giza likishaingia.

Ama kuhusu mahali, mimi ninapendelea Ubud. Uluwatu mnakaa mamia ya watu kwenye ngazi za mawe, nusu yao wameinua simu juu ya vichwa vyao, na Hanoman wa pale amekuwa mchekeshaji anayepanda kwenye majukwaa kupiga picha na wageni. Ubud kikundi cha mtaa wa Taman Kaja, kwa mfano, hucheza uwanjani mwa hekalu lao mbele ya watu wachache zaidi, usiku ukiwa umeshatanda, na mwanga ni ule wa taa ya katikati. Sauti inakuzunguka. Kama shabaha yenu ni kuelewa kwa nini wanamuziki wa dunia nzima hufunga safari kwenda kuisikia, Uluwatu haitawapa hilo.

Mwongoza Wageni (Unguja)

Ninamheshimu aliyetangulia, lakini kwa kikundi cha wastaafu wanaokwenda Bali labda kwa mara ya kwanza na ya mwisho, sikubaliani naye. Mimi kazi yangu ni kuwatembeza wageni, nimepata bahati ya kwenda kule kuona wenzetu wanavyoendesha mambo, na Uluwatu ilinifundisha mengi.

Hekalu liko juu ya genge la mita sabini hivi, na chini yake ni Bahari ya Hindi, bahari hii hii tunayovulia sisi. Onyesho huanza saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado liko juu ya maji, na linapofika katikati yake jua limeshazama. Bali iko kusini mwa Ikweta karibu sawa na Kilwa, kwa hiyo mnajua giza la kwetu linavyoingia bila kubisha hodi. Anapofika Hanoman kuchomwa moto, tayari ni usiku, na zile nyasi kavu zinazowashwa kumzunguka ndiyo nuru pekee uwanjani. Mpango huo wa kuifanya jua na giza viwe sehemu ya mchezo haukutokea kwa bahati. Kuhusu vichekesho vya Hanoman, ngoma nyingi za Asia zina wachekeshaji wake, na mtu wa kijijini huko Bali angeshangaa sana kuambiwa kwamba kucheka ni kuharibu mila.

Jambo lililonigusa kama mtu wa utalii ni namna fedha zinavyotembea. Kule vikundi hivi vingi si kampuni za burudani. Ni vyama vya wanakijiji, wanaviita sekaa, vilivyo chini ya banjar, ambayo ni jumuiya ya mtaa inayosimamia mazishi, harusi na sherehe za hekalu. Mchezaji mchana ni dereva, fundi seremala au mkulima wa mpunga. Jioni anakaa duarani, anapata posho isiyo kubwa, na sehemu ya mapato inabaki katika mfuko wa jumuiya kwa ajili ya ukarabati wa hekalu na gharama za sherehe. Uluwatu wachezaji ni watu wa kijiji cha Pecatu, ambacho hekalu limo katika eneo lake. Huku kwetu mara nyingi kikundi cha ngoma huitwa hotelini, kikalipwa na hoteli kiasi ambacho mgeni hakijui, na mgeni akaondoka bila kujua wachezaji wametoka kijiji gani. Kule mgeni anakwenda kwa mwenye ngoma na kununua tiketi mlangoni kwake. Mwalimu anayeuliza kama Kecak ni mali ya Wabali au ya watalii angeanza kwa kuuliza nani anashika daftari la mapato.

Utaratibu huo una udhaifu wake pia. Watalii walipokatika mwaka 2020 kwa sababu ya korona, viwanja vilifungwa, na waliokuwa wakitegemea tiketi za kila jioni walirudi mashambani na baharini.

Kwa wenye magoti: Uluwatu mtatembea kidogo kutoka maegesho na mtapanda ngazi za jukwaani, ambazo ni za mawe na hazina pa kuegemea. Fikeni mapema mkae safu za chini, lakini si ile ya mbele kabisa, kwa sababu moto unapopigwa teke cheche huruka. Tiketi ya ngoma katika miaka ya karibuni imekuwa karibu rupia 150,000, mbali na kiingilio cha hekalu. Ubud ni nafuu kuliko hapo. Na vueni miwani, hereni na kofia kabla ya kuingia, maana tumbili wa pale ni wezi wenye uzoefu, na akishachukua miwani yako hairudishi mpaka apewe tunda.

Niliyeishi Denpasar

Kaka wa Unguja amenishinda kwenye hoja ya machweo, ninakubali. Naongeza tahadhari moja tu kuhusu Ubud ili nisionekane ninaisifu bila kipimo. Maonyesho mengi ya Ubud humalizikia kwa kipande kinachoitwa Sanghyang Jaran, ambapo mtu aliyebeba farasi wa makuti hupita miguu mitupu juu ya makumbi ya nazi yanayowaka. Kipande hicho kimetolewa kwenye ibada, na kinapochezwa kwa ratiba mara mbili kwa wiki mtu ana haki ya kujiuliza kama kweli mchezaji amepandwa au anaigiza. Wabali wenyewe hawajakubaliana. Septemba 2019 serikali ya mkoa pamoja na taasisi za dini na sanaa walitia saini uamuzi wa kulinda ngoma takatifu zisichezwe nje ya ibada, na tangu zamani baadhi ya vijiji huchonga barakoa ya pili, isiyowekwa wakfu, kwa ajili ya maonyesho ya wageni, ile yenyewe ikabaki hekaluni. Kama mwalimu wenu anatafuta mahali penye utata wa kweli kati ya mila na biashara, hapo ndipo penyewe. Kecak haina utata huo.

Mratibu wa Safari (Dar es Salaam)

Ninawashukuru sana. Nimemsomea mwalimu wetu maelezo ya semina ya 1971 na orodha ya 2015, naye amesema sasa anataka kwenda kuliko sisi sote, ila ameomba tuende Ubud ili aone hicho kipande chenye utata. Wengine wanataka machweo. Huenda tukagawanyika. Limebaki swali la wenzetu Waislamu, na pia ninaomba kujua kama Machi ni mwezi mzuri.

Mpenzi wa Ngoma (Arusha)

Hukumu ya dini kila mmoja amuulize sheikh wake; mimi nitaeleza kinachotokea. Kabla ya kuanza, kuhani huwanyunyizia wachezaji maji matakatifu na kuwaombea usalama. Watazamaji hawahusishwi, hawasimamishwi, hawaambiwi waitikie chochote. Uwanja wa ngoma pale Uluwatu uko pembeni, si ndani ya ua wa ibada, ambao wageni hawaruhusiwi kuuingia. Mlangoni kila mgeni hufungwa msuli au mshipi kiunoni kama adabu ya mahali, na mwenye nguo ndefu hupewa mshipi tu. Onyesho huchukua muda wa saa moja, na kwa kuwa jua huzama likiwa linaendelea, anayetaka kuiwahi Magharibi ajipange kutoka mara tu linapokwisha, kabla ya msongamano wa magari, kwa sababu barabara ya kushuka kutoka Uluwatu usiku huo haisogei. Ubud huanza saa moja au saa moja na nusu usiku, kwa hiyo Magharibi itakuwa imeshaswaliwa.

Mwongoza Wageni (Unguja)

Kuhusu Machi: bado ni msimu wa mvua, na uwanja wa Uluwatu hauna paa. Vikundi vya Ubud vingi huhamia kwenye ukumbi wa wazi wenye paa mvua ikinyesha, kwa hiyo mchukue Ubud kama akiba iwapo jioni ya Uluwatu itaharibika. Lakini kubwa zaidi ni sikukuu ya Nyepi, mwaka mpya wa Wabali, ambayo mara nyingi huangukia Machi na tarehe yake hubadilika kila mwaka kwa kufuata mwezi. Siku hiyo kisiwa kizima hunyamaza: hakuna kutoka nje, hakuna taa, hakuna gari, na hata uwanja wa ndege hufungwa kwa saa ishirini na nne. Mkague kalenda kabla ya kulipa chochote, na mumwulize wakala kwa maandishi tarehe ya Kecak yenu ni ipi. Ikiwa ameiweka mkesha wa Nyepi, atakuwa hajaangalia, kwa kuwa jioni hiyo maonyesho ya kawaida husimama. Vijana wa kila banjar huwa barabarani wamebeba masanamu makubwa ya mazimwi waliyoyatengeneza kwa wiki nyingi, wakiyazungusha kwenye njia panda kwa kelele na mienge. Na kwa hilo hakuna tiketi.